Dakika Arobaini za Fundi

Nimevuta nyaya za simu kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepanda nguzo kwenye mvua, nimeng'atwa na siafu nikiwa juu huku mikono yote miwili ina kazi, na hakuna nyumba niliyowahi kuiacha bubu. Watoto wa mtaani wananiita Mzee Waya, na jina hilo silikatai. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anashindwa na kompyuta ya kukunja, kitu cha kubeba kwapani, tena ndani ya nyumba yake, tena mbele ya shemeji yake.

Kompyuta yenyewe ni ya mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, na nikisema fundi simaanishi mtu wa kupunguza suruali. Amefundisha wasichana kumi na tisa katika chumba chake cha kushonea, hapa hapa nyumbani, na saba kati yao wana vyeti vya chuo. Yeye hana. Alipokuwa msichana hakupata nafasi, baadaye wakaja watoto, na watoto walipokua nikabaki mimi, ambaye anasema nina kazi kuliko wao. Mwaka huu chuo cha ushonaji kikamwandikia barua. Kinatafuta mkufunzi wa ukataji, na wanafunzi wake wa zamani wamemtaja. Ila kwanza afanye mtihani wa vitendo apate cheti. Watahini watatu wako mji mwingine, kwa hiyo ataufanyia nyumbani mbele ya kamera, Jumamosi saa nne asubuhi, kwa dakika arobaini. Akate mikono ya gauni, aishone, aipachike, kisha amvalishe mtu na kuonyesha lilivyokaa.

Mwisho wa barua palikuwa na sharti. Alilisoma kwa sauti, akalirudia polepole: "Mtahiniwa atakayekatika mtandaoni zaidi ya mara mbili atahesabiwa hakuwepo."

Akaiweka barua juu ya meza ya kukatia na kuilaza kwa kiganja, kama anavyolaza kitambaa.

"Miaka thelathini nimekaa kwenye kiti hiki," akasema, "halafu nihesabiwe sikuwepo?"

"Hutakatika," nikamwambia. "Mimi nipo."

Jumanne chuo kikampigia kwa majaribio. Akakatika mara nne ndani ya dakika ishirini. Picha inaganda, karani wa chuo anabaki mdomo wazi, kile kiduara cha kusubiri kinaanza kuzunguka, kisha kimya. Mara ya nne karani hakupiga tena. Alituma ujumbe wa maneno machache: hali ikiwa hivi Jumamosi, pole sana. Mke wangu alikunja kompyuta, akaenda jikoni, nikamsikia anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Roho iliniuma. Angenigombeza ningepata nafuu.

Jumatano niliamka na hasira ya kutosha mtaa mzima. Niliibeba kompyuta hadi kwa fundi kompyuta, kijana mpole mwenye duka lenye joto kali. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaiwekea upya programu inayoendesha waifai, akaniwashia video ndefu ikacheza mwanzo hadi mwisho bila kusita.

"Mzee, hii nzima kabisa," akasema. "Tatizo liko nyumbani kwako."

Maneno hayo sikuyapenda, hasa kwa kuwa yalikuwa kweli. Nikawapigia kampuni ya mtandao. Dada wa huko akanielekeza nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Ruta, kwa asiyeijua, ni kile kikasha chenye taa za kijani ambacho hupokea mtandao kutoka kwenye waya wa simu na kuutawanya hewani. Yetu iko sebuleni juu ya kabati. Nilihesabu hadi thelathini mara sita. Mara ya saba nikampasha dada yule maneno ambayo mke wangu alinilazimisha nipige tena kuyaombea radhi.

Jioni hiyo shemeji akaja. Ni mdogo wake mke wangu, mfanyakazi wa maktaba, mwanamke ambaye kazini ananyamaza kutwa nzima na akifika kwangu anafidia. Yeye ndiye angevalishwa gauni siku ya mtihani.

"Shemeji," akaanza hata kabla hajakaa, "si ulisema simu za mji huu umezifunga wewe? Au ulikuwa unashika ngazi tu?"

"Nilikuwa napanda nguzo."

"Basi panda na hilo kabati tuone."

Mke wangu akacheka, mara yake ya kwanza tangu Jumanne. Nikamsamehe shemeji kwa ajili ya kicheko hicho.

Alhamisi nikasema sasa inatosha, nitafanya kama nilivyofundishwa. Laini ikiwa mbovu hukimbilii kubadilisha kila kitu. Unachukua daftari, unakaa, unaiangalia mpaka ijieleze yenyewe. Nikakaa kwenye kiti cha mke wangu kuanzia saa mbili asubuhi, kompyuta mbele yangu, nikimpigia shemeji kwa video naye akiwa maktaba kwenye chumba cha vitabu vilivyochanika. Saa nzima haikukatika. Vile vipinde vitatu vinavyoonyesha nguvu ya waifai vilisimama imara. Nikamwachia kiti mke wangu aendelee na kazi zake, na dakika kumi na mbili baadaye ikakatika.

"Mama watoto," nikasema, "usikasirike, lakini hiki kitu kinakuogopa."

Akanirushia mto wa pini. Bahati nzuri pini zilikuwa chache.

Nikashuku cherehani, maana mota ya umeme inaweza kuchafua hewa. Nikaichomoa, akashona kwa miguu kwenye ile ya zamani. Ikakatika. Nikashuku pasi. Nikaitoa chumbani kabisa. Ikakatika. Nikashuku redio ya jirani, jua, hata meno yangu ya bandia yenye waya, na hilo la mwisho naomba lisifike kwa shemeji. Daftari langu likajaa. Saa tatu na dakika arobaini, imekatika. Saa nne na dakika tano, imekatika. Saa nne na nusu, imekatika. Nilikuwa naandika saa tu, kama mjinga, bila kuandika nini kilikuwa kinatendeka chumbani, wala nani ameingia kujaribu nguo.

Saa tano akaingia mlinzi wa benki kujaribu suruali zake za sare. Mtu mrefu, mpole, anayeona aibu kupimwa. Hapa inabidi nieleze chumba. Chumba cha kushonea hakina mlango wa mbao, kina pazia, na kinatazamana na sebule. Kuta zake ni nene, za mawe, za zamani. Mteja anapotaka kuvaa, mke wangu hukisukuma kioo kikubwa cha magurudumu hadi kwenye uwazi wa mlango. Kinamwonyesha mteja toka kichwani hadi viatuni, tena kinaziba mlango ili aliyeko sebuleni asichungulie. Amefanya hivyo kila siku kwa miaka saba, hata Jumanne ile ya majaribio, na kwa kuwa ni kila siku, hakuna aliyekuwa anakiona tena.

Akakisukuma. Magurudumu yakalia kwi kwi kwi. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye skrini, na nikaviona vipinde vikishuka. Vitatu. Kimoja. Hakuna.

Nikaweka daftari chini.

"Kirudishe," nikasema.

"Baba watoto, mteja hajavaa vizuri."

"Kirudishe kidogo tu, nakuomba!"

Akakirudisha ukutani. Vipinde vikapanda vyote vitatu. Mlinzi akashika suruali kwa mikono yote miwili na kujibanza nyuma ya kabati la nguo.

"Kisukume tena."

Vikashuka.

"Rudisha."

Vikapanda.

Nikataka mara ya tatu, kwa sababu mara mbili inaweza kuwa bahati. Vikashuka. Nikaruka juu, na kwa umri huu sikujua kama bado naruka, nikampa mkono mlinzi wa watu huku pini zimemning'inia kwenye pindo. Naye akanipongeza, ingawa hakujua kwa lipi.

Kisha furaha ikaniishia. Nikazunguka nyuma ya kioo kuangalia, japo nilijua fika nitakuta nini. Bati. Bati zima la chuma, toka juu hadi chini, limekazwa kwa skrubu arobaini na mbili. Miaka saba iliyopita kioo hicho kilipata ufa, nami nikakitengenezea fremu ya chuma, nikakipa magurudumu, nikakipigia bati mgongoni ili kisipasuke tena. Ilikuwa zawadi yangu kwake tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mawimbi ya waifai yalikuwa yanatoka sebuleni, yanapita kwenye ule uwazi wa mlango, njia yao pekee, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyajengea geti la chuma.

"Umepata?" mke wangu akauliza.

"Nimepata."

"Mbovu ni nini?"

Nilijikuna kichwa. Ningeweza kusema kioo, nikaishia hapo. Lakini nilikumbuka ile sufuria safi.

"Mbovu ni mimi," nikasema, nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea meza, akacheka mpaka machozi, akalipigapiga lile bati kwa kiganja. "Ndiyo maana kioo hakijapasuka tena," akasema. Mlinzi akauliza kwa upole kama sasa anaweza kuvaa.

Dawa ilikuwa nyepesi. Kioo kihamie ukuta wa pembeni, pazia lifungwe, basi. Ijumaa alasiri tukafanya mazoezi kamili, shemeji akiwa ndani ya gauni, mimi na daftari. Dakika arobaini, mara sifuri. Niliandika ile sifuri kubwa kama sahani. Mke wangu akapika, tukala, akaimba akitoa vyombo.

Lakini mtu wa laini halali kabla hajaweka akiba. Chini ya kitanda nina sanduku la mabaki ya nyaya ambalo mke wangu amelitishia kulitupa tangu nistaafu. Nikachomoa mita kumi na mbili za waya wa simu, nikauunga kwenye ruta, nikafunga maungio kwa utepe mweusi, na umeme wake nikaupitisha kwenye ekstensheni ndefu. Nikauviringisha wote vizuri juu ya kabati.

"Hayo matambara ya nini tena?" akauliza.

"Akiba."

"Mambo si yameshakuwa sawa?"

"Yamekuwa sawa."

Akatikisa kichwa na kuniacha.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano nilikuwa sebuleni nimekaa mkabala na ruta, nikizitazama taa zake. Nilizuiwa kuingia chumbani kwa sababu, kwa maneno ya shemeji, napumua kwa kelele. Kupitia pazia nikawasikia watahini wakijitambulisha. Mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye sauti kavu, ya mtu aliyekwisha kuona mishono mibaya mingi.

Mke wangu akaanza. Nilisikia chaki, nikasikia mkasi wake mkubwa ukitafuna kitambaa bila kusimama, nikajua moyo wake umetulia. Akiwa na wasiwasi mkasi husitasita. Dakika kumi. Cherehani ikaunguruma. Dakika ishirini. Watahini wanauliza, anajibu kwa kifupi. Shemeji akavalishwa. Nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa.

"Tuonyeshe mgongo kwenye kioo," mwenyekiti akasema. Nikasikia shemeji akigeuka. "Hapana, hatuoni. Jua linapiga kioo na kutumulika sisi. Hamna pengine pa kukiweka?"

Mazoezi tuliyafanya alasiri. Asubuhi jua linaingia moja kwa moja dirishani na kuukuta ule ukuta wa pembeni. Mimi, mtu wa daftari, nilikuwa nimeandika kila kitu isipokuwa jua.

"Pale mlangoni panafaa," mwenyekiti akaendelea. "Kisogezeni pale."

Nilisikia mke wangu akiweka mkasi mezani. Angesema nini? Kwamba kioo chake kinakata mtandao? Magurudumu yakalia kwi kwi kwi, pazia likatuna na kufunuka, na bati langu likanitazama usoni na skrubu zake zote arobaini na mbili.

"Haloo?" sauti ya mwenyekiti ikakatika katikati, ikarudi. "Umekatika. Karani, andika, mara ya kwanza."

Nikashika ruta. Nikavuta waya kutoka juu ya kabati.

"Haloo? Mara ya pili."

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nikiwa magotini, ruta kifuani, najipenyeza kati ya fremu ya kioo na ukuta, mahali ambapo tumbo langu halikuwahi kukusudiwa kupita. Nikaacha kifungo kimoja cha shati hapo. Nikatambaa chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa na pini alizosahau, waya ukinifuata nyuma, nikaibukia upande wa pili, pembeni mwa kompyuta, ambapo kamera haifiki. Kipinde kilikuwa kimoja tu, nacho kinapepesa. Nikanyoosha mikono, nikaielekeza ruta kwenye kompyuta, na vikasimama vyote vitatu.

"Sasa tunakuona," mwenyekiti akasema. "Endelea."

Waya uliishia hapo hapo. Nilijaribu kuiweka ruta mezani, ukaivuta ikataka kuanguka. Nikiishusha sakafuni, shemeji angejikwaa kwenye waya. Na yale maungio niliyafunga kwa mkono, mvuto mmoja wa nguvu ungeyang'oa. Hapakuwa na la kufanya ila kusimama na kuishika hivyo hivyo, mikono mbele, kwa dakika zilizobaki. Nikaitazama saa ya ukutani. Zilikuwa kumi na nane.

Mke wangu aliniona kwa pembe ya jicho. Hakugeuka. Ila niliona bega lake likishuka, lile la kulia, ambalo hupanda akiwa na hofu. Akachomoa pini mdomoni, akaanza kueleza kwa nini mkono wa gauni unakatwa ukiwa mpana kidogo kuliko tundu lake, namna ya kuugawa huo upana usionekane, namna ya kumjua mwanamke anayebeba mizigo upande mmoja kwa kumtazama begani tu. Nimeishi naye miaka thelathini na miwili na sikuwahi kusikia maelezo hayo. Mwenyekiti aliacha kuuliza. Alikuwa anaandika.

Mimi mikono ilianza kuwaka dakika ya tano. Dakika ya tisa ikafa ganzi. Pua ikaniwasha, kisha mgongo, kisha kila mahali. Nikawakumbuka wale siafu wa nguzoni, nikawaambia kimoyomoyo kwamba nyinyi hamkuniangusha, na hii hainiangushi. Jasho likaingia machoni. Shemeji, ambaye alikuwa amesimama na kunitazama moja kwa moja, alikuwa anajiuma midomo ili asicheke, na nikaapa kwamba akicheka tu nitamkana ukoo mzima.

"Muda umekwisha," mwenyekiti akasema. "Weka pini chini, fundi."

Alimwita fundi. Nililisikia neno hilo.

Wakanong'onezana. Kisha mwenyekiti akavua miwani, akaisogelea kamera.

"Kabla hatujamaliza. Kwenye kioo, nyuma yako, kuna mzee amesimama na kikasha mkononi tangu tuliposogeza. Shati limefunguka tumboni. Ni nani?"

Nilikuwa nimesahau kwamba kamera huona hata kilichomo kwenye kioo. Dakika kumi na nane nilijiona nimejificha, kumbe nimesimama katikati ya mtihani, mzima mzima, na kitovu nje.

Mke wangu akanigeukia kwa mara ya kwanza. Akaniangalia toka nyayo hadi utosini, bila haraka.

"Ni mume wangu," akawajibu. "Mtandao unatoka kwake."

Kule walikokuwa kukatokea kicheko, cha watu watatu, kikubwa. Hata ile sauti kavu ilicheka. Ilipotulia, mwenyekiti akamgeukia karani.

"Amekatika mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Zaidi ya mbili?"

"Hapana. Mbili tu."

"Basi andika alikuwepo," mwenyekiti akasema. "Na upande wa alama, andika hizi nilizoandika mimi, usipunguze hata moja. Fundi, hongera. Cheti utakifuata mwenyewe siku utakapokuja kuanza kazi. Wanafunzi wanakusubiri."

Skrini ikazima. Safari hii tuliizima sisi.

Shemeji akapiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia. Mimi nilitaka kupiga kelele pia, lakini mikono ilikuwa imegoma kushuka, imebaki imenyooka mbele na ruta yake. Mke wangu akaja. Hakuichukua ruta kwanza. Aliifunga ile sehemu ya shati iliyokosa kifungo kwa pini yake moja, kwa uangalifu, asinichome. Kisha akaivua ruta kwenye vidole vyangu, kidole kimoja kimoja, akaiweka juu ya meza na kuushika waya kwa mkono wake ili usiivute.

"Mzee Waya," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, hilo ni jina la watoto wa mtaani. "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo," nikasema, na hapo ndipo nilipopiga kelele yangu.